Ufundi wa Kumchagulia Mtu Kitabu

Katika maduka mengi ya vitabu mijini kwetu, vitabu vya kiada vimekaa mbele, vya ziada pembeni, na nafasi iliyobaki imejazwa madaftari. Swali la kwanza la muuzaji ni moja: cha darasa la ngapi? Anayetafuta kitu cha kusoma kwa raha yake hana jibu, na mazungumzo huishia hapo. Kilichopotea ni ufundi wa yule msomaji mkubwa, awe muuza vitabu, mkutubi au mwalimu, aliyeweza kumsikiliza mtu kidogo kisha akamwambia: wewe kisome hiki. Ufundi huo hauna cheti, ndiyo maana tumeuacha ufe bila matanga.

Msingi wake ni kusoma mambo ya kila namna. Tuseme mtu amemaliza Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis, na moyo wake umebaki kwenye ule msafara wa biashara uendao bara. Ni rahisi kumpa riwaya nyingine akaridhika. Fundi humfungulia Safari za Wasuaheli, mkusanyo alioutoa Carl Velten mwaka 1901, ambamo Selemani bin Mwenye Chande anasimulia safari yake mwenyewe ya bara, pamoja na watawala waliodai hongo njiani. Kisha humwonyesha maisha ya Tippu Tip, yaliyoelezwa na mwenyewe kwa Kiswahili, ili aone misafara hiyo hiyo kwa jicho la bwana mwenye bunduki nyingi. Asipochoka, humrudisha kwa Velten, maana katika mkusanyo ule ule Salim bin Abakari anasimulia Urusi na Siberia. Aliyeanza na riwaya sasa ameonja historia, tawasifu na jiografia, na hakuna aliyemlazimisha. Anayesoma riwaya tu hawezi kuijua njia hiyo, wala anayesoma historia tu.

Wapo watakaosema kwamba anayesoma kila kitu hakijui chochote kwa undani. Shaaban Robert anawajibu. Alitunga mashairi, riwaya na insha, akaandika maisha yake na wasifu wa Siti binti Saad, akamtafsiri na Omar Khayyam. Upana huo ulimlisha, haukumpunguza. S. R. Ranganathan naye alikuwa mwalimu wa hisabati kabla ya kuwa mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras mwaka 1924, na katika kanuni zake za mwaka 1931 alisisitiza kwamba kila msomaji ana kitabu chake na kila kitabu kina msomaji wake. Wa kuwakutanisha hao wawili lazima awajue wote wawili.

Wengine watasema simu inatosha, kwani siku hizi mitambo hupendekeza vitabu yenyewe. Lakini mitambo hiyo hufuata yaliyonunuliwa na wengi, na kitabu cha zamani kisichonunuliwa na wengi, kama hicho cha Velten, ni vigumu kuingia katika hesabu yake. Zaidi ya hayo, humrudishia mtu kile anachokipenda tayari. Na anayelalamika kwamba vitabu ni ghali anaupa ufundi huu uzito zaidi: mwenye fedha ya kitabu kimoja kwa mwaka akichaguliwa vibaya, amepoteza mwaka mzima, na huenda asirudi tena.

Kwa hiyo shule inayompa mwalimu ufunguo wa maktaba impe pia muda wa kusoma vilivyomo, nje ya somo lake. Mwenye duka naye aajiri msomaji hata mmoja. Nawe, ndugu msomaji, usiishie kukisifu kitabu chema ulichokimaliza. Fikiri ni nani kinayemfaa, umpelekee, na umweleze kwa nini umemchagua yeye.