Hewa ya Wizi Chini ya Kiti cha Noah

Dereva husikia kabla ya abiria. Alfajiri, stendi ya Same, Noah inayosubiri kujaa kuelekea Mamba Myamba inaanza kucheza sailensa, yaani mzunguko wa injini isiyokanyagwa resi: injini inapaa, inashuka hadi karibu kuzima, kisha inapaa tena bila mguu wa mtu. Akikanyaga resi, ugonjwa unatoweka. Akiachia, unarudi.

Mafundi wengi wa barabarani hukimbilia plagi. Haraka hiyo imewagharimu watu pesa nyingi, maana plagi iliyochoka hujionyesha zaidi gari likiwa na mzigo mlimani, si likiwa limesimama. Kinachosumbua kwenye sailensa na kutulia kwenye resi kinaelekeza kwingine: injini inakula hewa ya wizi, yaani hewa inayoingia bila kupita kwenye trotoboti, nyumba ya mlango wa hewa.

Sababu yake ni rahisi. Kwenye sailensa mlango wa hewa umefungwa karibu wote, huku pistoni zikiendelea kuvuta, na presha ndani ya manifoldi, bomba linalogawa hewa kwa silinda, hushuka hadi kama theluthi moja ya ile ya nje. Hapo ufa mwembamba kama uzi unavuta hewa kwa nguvu. Mlango ukifunguliwa, tofauti ya presha inapungua; ufa bado upo, ila hewa yake inapotelea katika mkondo mkubwa.

Noah inayozungumziwa ni ile ya kwanza, Townace Noah iliyotoka Japani mwaka 1996, nyingi zikiwa na injini ya petroli ya 3S-FE, sentimita za ujazo 1,998, iliyolala chini ya viti vya mbele. Mahali hapo ni tanuri. Same iko upande mkavu wa milima, mawingu yakiwa yamekwisha kumwaga mvua yao upande wa pili, na joto la mchana likijumlishwa na la injini iliyofungiwa chini ya kiti, mipira ya zaidi ya miaka 20 hukauka ikawa kama ganda la mua. Ukiibonyeza kwa kidole, inalia kabla ya kupinda.

Kuna jambo linalowachanganya hata wenye mashine ya kusoma hitilafu. Injini nyingi za 3S-FE za miaka hiyo hazipimi kiasi cha hewa inayoingia. Zinapima presha ndani ya manifoldi, kisha kontrol boksi inakadiria hewa. Ni ukoo uleule wa mfumo wa D-Jetronic ambao Bosch ya Ujerumani iliutoa mwaka 1967. Kwa hiyo hewa ya wizi ikiingia, presha inapanda, na kontrol boksi, badala ya kulalamika, inaongeza mafuta. Sailensa inapaa. Ikipita kiwango fulani huku mguu hauko kwenye resi, boksi linaamini gari linashuka mteremko, linakata mafuta. Mizunguko inaporomoka, mafuta yanarudi, ngoma inaanza upya. Taa ya injini inaweza isiwake kabisa, na fundi akiunganisha matundu ya TE1 na E1 kwenye soketi ya uchunguzi kwa kipande cha waya kuisoma taa ikipepesa, huenda asipate namba yoyote ya hitilafu. Kwenye gari linalopima hewa yenyewe, ufa huohuo ungeleta kinyume: mchanganyiko mwepesi, injini inamisi.

Kwa hiyo kazi inarudi kwenye mikono. Kiti kinanyanyuliwa, mfuniko unatoka, mvuke wa moto unampiga fundi usoni. Jaribio la kwanza halihitaji hata spana kubwa: bomba la eya klina linachomolewa, paipu ya PCV, ile inayorudisha mvuke wa oili kwenye manifoldi, inabanwa, na mdomo wa trotoboti unazibwa kwa kipande bapa cha mpira mzito. Injini nzima ikizibwa hivyo inapaswa kuzima mara moja. Ikiendelea kuunguruma, hata kwa kusuasua, ina pua nyingine.

Pua hiyo hutafutwa kwa plaiza iliyofungwa kitambaa, paipu moja baada ya nyingine zikibanwa huku sikio likisubiri sauti ibadilike. Busara ni kuanza na ile nene inayokwenda kwenye haidrovaki ya breki. Si kwa sababu ndiyo inayopasuka zaidi, bali kwa sababu gari hili litarudi likishuka kutoka Mamba na magunia ya tangawizi, na haidrovaki isiyopata vakyumu hufanya pedali kuwa ngumu kama jiwe. Kuipima ni hivi: injini ikiwa imezimwa, pedali inakanyagwa mara kadhaa hadi iwe ngumu, mguu unabaki juu yake, kisha gari linawashwa. Pedali inapaswa kuzama kidogo chini ya mguu. Isipozama, gari lisitoke gerejini, hata kama sailensa imetulia.

Geji ya vakyumu nayo ina mtego wake huku milimani. Vitabu vya ufundi hutaja inchi 18 hadi 20 za zebaki kwa injini nzima, lakini hizo ni za usawa wa bahari. Kila mita 300 za mwinuko huondoa takriban inchi moja. Same mjini, kwenye takriban mita 860, inchi 15 hadi 17 ni afya kamili. Kwenye kijiji cha mita 1,500, 13 hadi 15. Fundi aliyejifunzia Tanga akisoma 16 anaweza kufungua injini isiyo na kosa.

Kuhusu povu la sabuni la kutafutia ufa, watu hulipaka injini ikiwaka na kungoja mapovu. Hayatakuja: ufa unavuta, hausukumi. Sabuni inafaa injini ikiwa imezimwa na hewa kidogo ikisukumwa ndani kwa pampu. Injini ikiwaka, maji ya kunyunyiza yanatosha. Yakigusa gasketi iliyoachia, sauti inabadilika kwa sekunde moja au mbili. Wapo wanaopuliza dawa ya kabureta au petroli kabisa. Kwenye injini iliyo chini ya kiti, ekzosi ikiwa jirani, huko ni kuchezea moto ndani ya chumba cha abiria.

Likipatikana tundu, kishawishi ni kulifunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Mvuke wa oili na petroli huilainisha tyubu hiyo ikavimba, na paipu laini hunyonywa ikajiziba yenyewe. Kinachofaa ni paipu ya vakyumu yenye kuta nene na klipu mpya, kisha sailensa inasubiriwa ishuke hadi kati ya mizunguko 700 na 800 kwa dakika. Pedali inajaribiwa mara ya mwisho kabla kiti hakijarudishwa, kwa sababu kiti kikishafungwa na abiria wakapanda, hakuna atakayekubali kushuka tena.