Mzee Hujitenga au Hutengwa?

Uzee huingia mwilini polepole. Lenzi ya jicho hukakamaa, mtu asisome gazeti ila kwa kulisogeza mbali. Sauti nyembamba hazifiki sikioni. Mifupa hupungua uzito, na misuli hupungua nguvu. Mambo haya hayana ubishi: ni yale yale Kakamega na Marekani. Ubishi huanza tuulizapo maana yake.

Mwaka 1961 wataalamu wawili wa Marekani, Elaine Cumming na William Henry, walitoa kitabu kiitwacho Growing Old. Waliwachunguza watu wa mji wa Kansas City, wakakata shauri kwamba mzee na jamii yake huachana kwa ridhaa ya pande zote mbili, na kwamba ndivyo ilivyo kwa wanadamu wote. Sifa ya kitabu hicho ni kusema wazo lake waziwazi, hata laweza kupimwa.

Basi tulipime. Mwaka 1966 Walter Sangree alichapisha Age, Prayer and Politics in Tiriki, Kenya. Wakati huo Tiriki ilikuwa katika Wilaya ya Kakamega. Leo imo katika Kaunti ya Vihiga. Humo twasoma habari za marika saba, kila moja likichukua miaka kama 15, na za ngazi nne: wapiganaji, wakubwa wa wapiganaji, wazee wa baraza na wazee wa ibada. Aliyeacha mkuki alishika kesi. Aliyeacha kesi alishika maombi. Hakuachana na jamii; alibadili kazi.

Lakini tusiifanye Tiriki kuwa pepo. Ngazi hiyo ilikuwa ya wanaume, tena misheni na serikali ya kikoloni ziliipunguzia nguvu. Kwa hiyo heshima ya wazee nayo si sheria ya maumbile: hujengwa, na hubomoka.

Hapo ndipo kosa la Cumming na Henry lilipo. Waliona desturi ya mji mmoja wakaidhania amri ya wanadamu wote. Kosa hilo lina hasara, maana asadikiye kwamba mzee ataka kuachwa, humwacha bila kujilaumu. Mwaka 2018 serikali ya Kenya ilianza kuwapa wazee waliotimiza miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni msaada mwema. Lakini fedha hununua unga, hazinunui nafasi barazani. Nafasi hiyo hutolewa na vijana, au hunyimwa nao.