"Not" Inakanusha Nini?

Mvuvi wa Goziba, kisiwa cha Muleba kilicho mbali ndani ya Ziwa Victoria, akifungua kitabu cha maelezo ya injini ya mtumbwi kilichoandikwa kwa Kiingereza, atakuta "not" kila mahali. Wengi hudhani neno hilo peke yake ndilo onyo. Sivyo. Onyo limo katika kile ambacho "not" inakikanusha. Chukua "must" na "have to": zisipokanushwa, zote ni lazima. Zikikanushwa, zinaachana kabisa. "You must not smoke" ni marufuku, kwa kuwa kinachokanushwa ni kuvuta na lazima inabaki palepale. "You don't have to smoke" inaiondoa lazima yenyewe, kuvuta kukawa hiari. Kiswahili chetu kinazitenganisha vizuri: "lazima usivute" na "si lazima uvute". Kwa hiyo anayefasiri "must not" kuwa "si lazima" hajakosea sarufi tu. Amemwambia mtu aliyekaa kando ya dumu la petroli kwamba sigara ni hiari yake.

Kuna atakayesema: ya nini yote haya, na "don't" ipo? Kwa katazo la haraka nakubali, "don't" ndiyo bora. Lakini anayeshauri si askari. "You shouldn't cross tonight" ni ushauri, msikilizaji anaweza kuupima. "You had better not cross tonight" ni nzito zaidi, ndani yake mna dokezo kwamba ukivuka yatakukuta, na mwanafunzi anayeiona "had" akadhani ni habari ya jana atakuwa amelikosa onyo zima. Sisi "usivuke" moja hutosha kwa amri, ushauri na hata kusihi, sauti na heshima vikiamua uzito. Kiingereza, hasa cha maandishi, huuweka uzito huo kwenye kitenzi kisaidizi, na hapo ndipo mwalimu wa Bukoba au Muleba anapaswa kukaa na wanafunzi wake muda mrefu kuliko kwenye orodha za maneno.

Tena si kila kinachofanana na kanusho ni kanusho. "In-" ya "inflammable" ilitoka Kilatini ikiwa na maana ya "ndani", wala haikanushi chochote. Hata wenye lugha walichanganyikiwa, ndiyo maana chama cha kinga ya moto cha Marekani, NFPA, katika miaka ya 1920 kilihimiza watu waandike "flammable". Dumu lenye neno lolote kati ya hayo mawili linawaka.