"Dawa Imenikataa": Lugha ya Mgonjwa na Taarifa za Madhara ya Dawa

Wahakiki wetu aghalabu hushughulikia ushairi, riwaya na tamthilia. Iko, hata hivyo, simulizi fupi isiyohakikiwa ingawa imebeba uhai wa watu, nayo ni taarifa ya mgonjwa anayeshuku kwamba dawa imemdhuru. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi istilahi zetu zinavyoinyamazisha.

Ukusanyaji wa taarifa hizi ulitokana na msiba. Thalidomide iliuzwa Ujerumani Magharibi tangu 1957 ikisifiwa kuwa salama, ikaondolewa sokoni huko Novemba 1961, baada ya watoto wengi kuzaliwa na viungo vilivyodumaa. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani likaanzisha mpango wa kimataifa wa kufuatilia dawa. Kenya ilijiunga nao kikamilifu 2010, Bodi ya Dawa na Sumu ikiwa imekwisha kuzindua mfumo wa taifa 2009. Msingi wa mpango huu ni shuku: mtoa taarifa hatakiwi kuthibitisha lolote.

Hapo ndipo istilahi "madhara ya dawa" inapokwaza. Kiunganifu "ya" kimekwisha kutoa hukumu, kwani chaifanya dawa kuwa mwenye madhara. Mgonjwa asiye na hakika hunyamaza, asije akaonekana anamshtaki tabibu wake. "Athari" nalo ni neno legevu mno, maana athari yaweza kuwa njema. Sayansi yenyewe hutenga tukio baya lililofuata dawa na madhara yanayoshukiwa kuletwa nayo. Kiswahili hakishindwi na tofauti hiyo: "baada ya" si "kwa sababu ya".

Tuisikilize pia lugha ya watu. Asemaye "dawa imenikataa" haidai kuwa ni sumu. Aeleza kutopatana kwa dawa ile na mwili wake yeye, na hiyo ni shuku iliyotamkwa kwa adabu. Kinyume chake, "dawa hii ni kali" mara nyingi ni sifa: ukali huchukuliwa kuwa dalili ya kuponya, na mgonjwa akavumilia hata pasipofaa kuvumiliwa.

Mfano ni stavudine, dawa ya kupunguza makali ya Ukimwi, ambayo mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizihimiza nchi kuiacha hatua kwa hatua. Iliweza kudhuru mishipa ya fahamu, nyayo zikawaka moto au kufa ganzi. Mgonjwa akisema "nyayo zawaka moto", naye mwandishi akaandika "maumivu ya miguu", ishara yenyewe imefutwa.

Yaweza kujibiwa kwamba bila istilahi sanifu taarifa za nchi mbalimbali hazilinganishiki. Ni kweli, lakini usanifishaji na uyafuate maneno ya mgonjwa, usiyafute. Swali "Je, dawa imekudhuru?" lamtaka awe hakimu. Afadhali aulizwe: "Tangu uanze dawa hii, ni nini kilichobadilika mwilini mwako?"

Idara zetu zimekusanya methali na vitendawili kwa bidii. Hazina budi sasa kukusanya, lahaja kwa lahaja, maneno ambayo watu huyatumia kuueleza mwili unapokataa dawa. Kamusi ya namna hiyo haitampendeza mwanaisimu peke yake. Yaweza kumwokoa mgonjwa ajaye.