Usukani Uko Wapi? Hotrodi za boksi na magari ya waya ya Tabora

Likizo ya mwisho wa mwaka nilishuka Tabora na boksi ambalo binamu yangu anayeishi Marekani alikuwa amelituma kwa mtoto wa dada yangu. Juu ya boksi kulikuwa na picha ya Ford ya mwaka 1932, nyekundu, haina boneti, injini iko nje inang'aa kama sufuria mpya. Ndani hakukuwa na gari. Kulikuwa na fremu za plastiki zenye vipande vidogo vimening'inia kama matunda mtini, na karatasi ya maelekezo yenye namba. Gundi haikuwemo, kwenye seti hizi gundi na rangi kwa kawaida unajinunulia mwenyewe. Tukaenda dukani tukachukua supagluu, tukakaa barazani jioni tatu, vidole vikagandana, gari likasimama.

Lilikuwa zuri kweli. Mtoto akaliweka mezani, akalizunguka, akainama kulitazama kwa chini, halafu akaniuliza: "Mjomba, usukani wake uko wapi?"

Nikamwonyesha. Mle ndani, nyuma ya kioo, kiduara kama kifungo cha shati.

"Siyo huo," akasema. "Ule wa kuendeshea."

Alikuwa anaulizia ule ufito mrefu unaotoka kwenye gari la waya na kupanda hadi usawa wa kifua cha mwenye gari, juu yake kuna duara la kushika, chini umefungwa kwenye ekseli ya mbele. Unatembea nyuma ya gari lako, unakata kona, matairi yanakutii. Kwake yeye, gari usiloweza kuliendesha ukiwa umesimama ni picha ya gari tu.

Tangu siku hiyo nimesoma kidogo kuhusu hotrodi na seti zake, na kila ninaposoma swali la yule mtoto linarudi. Naomba nilijibu hapa, kwa sababu naona linatuhusu sisi tunaojiita wahakiki kuliko linavyomhusu yeye.

Tuanze na boksi, tulitendee haki. Hotrodi ni kazi ya vijana wa Marekani, hasa wa California, waliokuwa wakinunua Ford kuukuu za miaka ya 1920 na 1930 kwa bei ya chee. Walizivua madigadi, bampa, wakati mwingine hata paa, yaani kila chenye uzito kisichosaidia mwendo, kisha wakazipa injini yenye nguvu zaidi. Ford ya 1932 ilipendwa sana kwa sababu mwaka huo kampuni ilianza kuuza gari la V8 ambalo mtu wa kawaida aliweza kulinunua. Walishindana kwenye vitanda vya maziwa yaliyokauka, kama Muroc na El Mirage. Baada ya Vita Kuu ya Pili mchezo ukawa mkubwa, na Januari 1948 Robert Petersen akatoa jarida la Hot Rod.

Mwaka huohuo wa 1948 ilianzishwa kampuni ya AMT. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kutengeneza vigari vya mfano kwa ajili ya wauzaji wa magari: mteja anashika kigari mkononi, anaona umbo na rangi ya gari atakalonunua. Kumbe basi babu wa seti hizi ni tangazo la biashara. Mwaka 1958 AMT wakaja na wazo lililobadilisha kila kitu, seti ya tatu kwa moja. Boksi ni moja ila vipande vimezidi: unaweza kuunganisha gari kama lilivyotoka kiwandani, au lililorembwa kwa mtindo wako, au la mashindano. Miaka ya mwanzo ya 1960 kampuni ya Revell nayo ikamchukua Ed Roth, fundi aliyekuwa akiunda magari ya ajabu kwa fiberglasi, ikayaweka magari yake kwenye maboksi, pamoja na yule panya wake wa kutisha, Rat Fink.

Mvuto wa seti hizi uko hapo, kwenye vipande vilivyozidi. Ukimaliza gari, boksini kunabaki rimu, mabomba ya moshi, grili. Ukinunua boksi la pili unaanza kuchanganya: injini ya hili kwenye bodi ya lile. Karatasi ya maelekezo inakuwa ushauri tu. Mtoto wa Detroit ambaye hakuwa na umri wa kushika usukani aliweza kufanya mezani kile ambacho kaka yake alikuwa akifanya gereji.

Lakini kuna kichekesho. Hotrodi ya kweli ilizaliwa pale kijana alipoamua kutotii kiwanda. Hotrodi ya boksi ni kutotii kulikotengenezwa kiwandani, kukapewa namba kuanzia kipande cha kwanza hadi cha mwisho, na kukauzwa dukani.

Roland Barthes asingeshangaa. Katika Mythologies, kitabu cha mwaka 1957, ana insha fupi kuhusu vitu vya kuchezea vya Ufaransa. Lalamiko lake ni kwamba vingi ni dunia ya watu wazima iliyopunguzwa ukubwa, na mtoto anafundishwa kuwa mwenye mali na mtumiaji badala ya muumbaji. Anaisifu mbao, plastiki hana hamu nayo. Nakubaliana naye nusu. Nusu nyingine naipinga kwa ushahidi wa mtaani kwetu, maana gari la waya nalo ni dunia ya watu wazima iliyopunguzwa. Ni Fuso, ni Scania, ni basi la Mwanza. Kosa la kitu cha kuchezea haliwezi kuwa kule kuiga tu. La kuuliza ni nani amechagua kitakachoigwa.

Na hapa lazima niiongelee Tabora yenyewe, kwa sababu mji huu una historia ndefu na vitu vinavyopita vikiwa vipande. Kwenye njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, Unyanyembe ilikuwa njia panda, na Wanyamwezi walisifika kama wapagazi. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, zaidi ya kilo 30. Kwa hiyo kila kilichotoka pwani kilipaswa kugawanyika kuwa mizigo ya kichwa au bega la mtu mmoja mmoja. Kisichogawanyika hakisafiri. Hata mashua. Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1874 alikuwa na mashua yake, Lady Alice, imekatwa vipande, na wapagazi waliibeba hadi Ziwa Victoria, ikaunganishwa ikaelea. Mashua ilikuwa na jina la mchumba wake.

Kisha ikaja seti kubwa kuliko zote. Meli ya Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikafungwa kwenye maboksi yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam, ikapanda reli ya kati kupita Tabora hadi Kigoma. Mafundi watatu wa kiwanda walikuja nayo kuiunganisha, na Februari 1915 ikashushwa majini. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mwandishi wa Uswisi, Alex Capus, amewaandikia mafundi wale riwaya nzima, iliyotoka 2007. Mpagazi aliyebeba kipande cha Lady Alice begani sijakutana na riwaya yake.

Hadithi hizo mbili zinafanana kwa kitu kimoja: vipande vilipita mikononi mwa watu wetu, maelekezo yakabaki kwa wengine. Gari la waya linageuza mpangilio huo. Hakuna boksi wala karatasi. Kuna lori lililopita barabarani asubuhi, na mtoto aliyelitazama vizuri kiasi cha kulikumbuka.

Nikupe mfano. Mtaani kwetu, miaka ya 1990, kulikuwa na kaka mmoja ambaye sote tulikiri kwamba ni fundi. Alitumia waya wa uzio, spoku za baiskeli, vipande vya ndala kwa matairi na mpira wa tyubu kwa kufungia. Siku moja akatoka na Fuso lililoegemea kushoto. Tukamcheka, tukasema umekosea springi. Akatuambia twende barabarani tukaangalie. Ulikuwa msimu wa tumbaku, na malori yaliyojaa marobota kupita kiasi yalikuwa yanapita yameegemea hivyohivyo, kama mzee mwenye fimbo. Ndani ya wiki kila gari la mtaani lilikuwa limeegemea.

Sasa nikuulize wewe msomaji wa fasihi: tungeona jambo kama hilo kwenye riwaya, tungeliitaje? Mtu ametazama kitu ambacho sote tunakiona kila siku, akachagua kasoro moja, akaifanya kiini cha kazi yake, na baada ya hapo sisi wengine hatukuweza tena kuangalia lori bila kuiona kasoro hiyo. Kwenye fasihi tunauita ujuzi wa aina hiyo jicho la mwandishi. Kwenye waya tunauita mchezo wa watoto.

Na huo usukani mrefu? Nadhani ni suala la nafsi, kwa maana ileile tunayoitumia tukisoma hadithi. Hotrodi ya boksi imeandikwa kwa nafsi ya tatu: lipo pale mezani, unalizunguka, unalisifia, dereva wake ni wa kufikirika, na ukiligusa sana rangi inatoka. Gari la waya limeandikwa kwa nafsi ya kwanza. Dereva ni wewe, mlio wa injini unatoka mdomoni mwako, na safari ina urefu wa kweli, kutoka nyumbani hadi kisimani au dukani ulikotumwa chumvi. Magari mengi ya waya niliyoyaona kwenye maduka ya zawadi za watalii hayana ule ufito. Naelewa, hauingii kwenye begi. Ila ukiukata umebadilisha nafsi ya hadithi.

Najua utaniambia magari haya hayakuzaliwa Tabora. Kweli. Yapo Zambia, Kongo, Afrika Kusini, yapo Tanzania nzima. Utaniambia pia naupamba umaskini: watoto wale walitengeneza kwa sababu hawakuwa na hela ya kununua. Hapo kuna ukweli pia. Lakini vijana wa California nao walianza na magari kuukuu kwa sababu hawakuwa na hela ya mapya, na hakuna anayeishia hapo akizungumza kuhusu hotrodi. Ukosefu unaeleza kwa nini mtu alianza na waya. Hauelezi kwa nini Fuso liliegemea kushoto.

Tofauti ni kwamba wao walipata mhakiki. Mwaka 1963 Tom Wolfe aliandika kwenye jarida la Esquire kuhusu mafundi wa magari ya kurembwa wa California, akina George Barris na Ed Roth, na mwaka 1965 makala hiyo ikakipa jina kitabu chake cha kwanza, The Kandy-Kolored Tangerine-Flake Streamline Baby. Wengine waliona magereji na grisi. Yeye aliona wasanii, akayatazama magari yao mstari kwa mstari, akayaweka kwenye mazungumzo na historia ya sanaa ya Ulaya. Unaweza kumbishia Wolfe mambo mengi, mimi mwenyewe namchoka mbwembwe zake, lakini kazi ya msingi aliifanya: aliangalia umbo.

Mimi sikuifanya. Miaka michache iliyopita gazeti moja lilinipa nafasi ya kuandika kuhusu watoto wanaotengeneza magari ya waya. Niliandika kuhusu mazingira magumu, nikaandika kuhusu ubunifu, nikaeleza waya umeokotwa wapi. Nimeisoma tena makala ile wiki hii. Hakuna sentensi hata moja inayosema gari lilifananaje. Jina la mtoto lipo, umri upo, darasa lipo, gari halipo. Na yule kaka wa mtaani kwetu sasa ni utingo wa lori la masafa. Hakuna hata picha moja ya magari yake. Nilichoandika hapo juu kuhusu Fuso lake, kwa kadiri ninavyojua, ndiyo mara ya kwanza linaandikwa.

Ndiyo maana nasema swali la mtoto linatuhusu. Tumejifunza kuhakiki kilichokuja ndani ya boksi, chenye jalada na maelekezo. Kinachopita mbele ya baraza tunakipa pole au tunakipa pongezi, na vyote viwili ni njia za kutokitazama. Siku hizi vigari vya plastiki vya bei rahisi vimejaa sokoni, na mtaani kwa dada nimehesabu magari ya waya mawili tu. Hatuna muda mrefu wa kuangalia.

Na ile hotrodi? Siku ya pili mtoto alijaribu kuifungia ufito. Ekseli ya mbele ikavunjika pale pale. Dada akapandisha: zawadi ya watu, imetoka Marekani, imeharibika hata wiki haijaisha! Nikamwombea msamaha. Kesho yake jioni nikaikuta grili ya Ford ya 1932, ile inayong'aa, imefungwa kwa tyubu mbele ya lori la waya lenye tela. Mabomba ya moshi yamesimama wima nyuma ya kabini, moja fupi kuliko jingine. Nikamuuliza kwa nini hayalingani. Akaniambia la upande ule liligonga tawi la mwembe.

Kama mtaani kwako kuna fundi wa namna hii, tuandikie hapo chini. Usitueleze alikosa nini. Tueleze gari lake likoje.