Kupima Ubora wa Dunia za Gemu za Anga

Dunia ya gemu ya safari za anga huundwa kwa njia mbili. Katika njia ya mkono, mbunifu huweka mwenyewe kila jiwe, kila mlango na kila barua mahali pake. Katika njia ya kanuni, programu hupewa namba moja iitwayo mbegu, na kutoka humo hukokotoa milima, hewa, mimea na wanyama. Sayari ya namna hiyo haihifadhiwi popote. Huzaliwa upya kila mchezaji anapoikaribia, na kwa kuwa mbegu haibadiliki, mlima huibuka pale pale ulipokuwa jana. Ndivyo Elite, kazi ya Waingereza David Braben na Ian Bell ya mwaka 1984, ilivyobeba galaksi 8 zenye nyota 256 kila moja ndani ya kompyuta ya BBC Micro yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32. No Man's Sky ya mwaka 2016 imefikisha sayari zaidi ya bilioni 18 mara bilioni moja.

Idadi ndiyo kipimo dhaifu kuliko vyote. Sayari hizo zikitazamwa kwa sekunde moja moja, itachukua takriban miaka bilioni 585 kuzimaliza. Kipimo chenye uzito ni sababu: kwa nini kitu hiki kiko hapa?

Mkazi wa mtaa wa Kawangware ana jicho la swali hilo tayari. Kanuni ikiagizwa kuzalisha mtaa wake, italeta mabati, nguzo za umeme na vichochoro kwa wingi wowote unaotakiwa. Lakini wauza sukuma wiki hawakutawanywa ovyo. Hujipanga karibu na steji, kwa sababu ndipo abiria wanaposhuka jioni, na mboga hukatwa papo hapo ili anayefika nyumbani usiku apike mara moja. Meza hizo zikisogezwa uchochoro wa nyuma, biashara inakufa. Kwa sababu hiyo hiyo, vijana wa mradi wa Map Kibera walipoanza kuchora ramani ya mtaa wao mwaka 2009, walitembea na vifaa vya GPS wakiweka alama kwenye zahanati, vyoo na vituo vya maji. Hakuna kanuni ambayo ingekisia mahali vilipo.

Outer Wilds, iliyotolewa mwaka 2019, ni ya mkono na inakidhi kipimo hicho cha sababu. Mfumo wake wa jua ni mdogo mno, na jua hulipuka kila baada ya dakika 22. Humo mna sayari pacha mbili: mchanga hutiririka kutoka Ash Twin kwenda Ember Twin, ukifunua majengo upande mmoja huku ukifukia mapango upande wa pili. Anayechelewa hukuta pango limejaa. Saa, mchanga na siri vimeshikamana, na ukiondoa kimoja vingine vinaanguka.

Kanuni nayo inaweza kubeba sababu, na hapa wapenzi wengi wa kazi ya mkono huhukumu haraka mno. Katika Elite Dangerous ya mwaka 2014, uzito na umri wa nyota huamua ni sayari gani zinaweza kuizunguka. Mwenye kujua fizikia kidogo husoma anga kabla ya kufika. Upweke wa jangwa ambalo hakuna binadamu aliyelipanga pia ni tunu halisi, na mkono hauwezi kuutoa.

Kasoro huonekana pale njia mbili zinapounganishwa vibaya. Starfield ya mwaka 2023 ina sayari zaidi ya 1,000 na miji michache iliyojengwa kwa uangalifu, lakini kituo kile kile cha utafiti, chenye barua zile zile mezani, hurudi kwenye sayari nyingine. Barua inayosimulia kifo cha mtu mmoja ikisomwa mara ya pili mahali pengine, kifo chenyewe hufutika.

Jaribio la haraka ni kutua kwenye sayari tatu na kutafuta kitu ambacho kisingeweza kuhamishiwa nyingine. Kikikosekana kwenye zote tatu, ukubwa wa gemu hauna thamani. Gemu ya anga hununuliwa ili ichezwe nyumbani kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo mwenye pesa ya gemu moja aanze na Outer Wilds.