Remmy Ongala Amerudi Maniema, na Bafle za Kalima Zinajua

Jamani, wekeni kila kitu chini! Kama una bafle inayotoa besi bila kukohoa, iwashe sasa hivi. Kama huna, kaazime kwa jirani na umwambie nimekutuma mimi. Songs for the Poor Man, albamu ya Remmy Ongala na Orchestre Super Matimila, imeniingia kwenye simu kutoka kwa mtu aliyefika juzi akitokea Kindu, na tangu niiguse kila wimbo mwingine naona kama unanipotezea chaji. Najua ilitoka mwaka 1989. Najua Dar es Salaam wameizoea zamani. Hainihusu! Kwangu mimi hapa Kalima, Maniema, Kongo, imezaliwa wiki hii, na naandika kabla joto halijapoa.

Halafu, mwenye sauti hii ni wetu. Ramazani Mtoro Ongala alizaliwa mwaka 1947 upande wa Kindu, Kindu hii hii ya Lualaba na reli, ambayo mvua ikiharibu barabara unaifikia kwa pikipiki huku umepakaa tope mpaka kwenye nyusi. Alivyosimulia mwenyewe, mama yake alikuwa amekwisha kupoteza watoto, mganga akamwambia huyu asimkate nywele. Ndiyo maana ya ile misokoto iliyomshukia mabegani, na jina lake la utani, Dokta, nalo lina mizizi huko huko. Baba yake alikuwa mwanamuziki, akafariki mtoto angali mdogo. Kijana akahangaika na bendi hapa na pale, na mwaka 1978 akatua Dar es Salaam kupiga katika Orchestra Makassy, bendi ya mjomba wake, Mzee Makassy. Baadaye akahamia Matimila. Kanda ya nyimbo zake ikasafiri na rafiki mpaka Uingereza, ikaangukia mikononi mwa watu wa tamasha la WOMAD, na mwaka 1988 wakatoa albamu yake ya Nalilia Mwana. Mwaka uliofuata ikaja hii, kupitia Real World, kampuni ya Peter Gabriel, na ni kati ya albamu za mwanzo kabisa za kampuni hiyo. Mtoto wa Maniema yumo kwenye orodha ya kwanza! Nani alitusimulia shuleni?

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipopagawa.

Sisi tumekulia kwenye Kilingala. Grand Kallé na African Jazz, Franco na OK Jazz, Tabu Ley na Afrisa, wote hao wametulea. Bendi ilijiita jazz hata kama ilikuwa inapiga rumba tupu, kwa sababu jazz ilimaanisha suti iliyopigwa pasi, gitaa za umeme, na watu wawili wawili kwenye sakafu. Hakuna aliyelalamika. Lakini tuseme ukweli: wangapi hapa Kalima huitikia kwa sauti kubwa maneno ambayo nusu yake hawayajui? Miguu inafurahi, kichwa kinasubiri nje. Kiswahili chetu kimebaki sokoni, msikitini, kwenye shimo la kasiterite, yale mawe ya bati, na kwenye ugomvi wa nyumbani. Halafu unabonyeza albamu hii, gitaa zinaingia na ule mwendo wetu wa Kongo, huna haja ya kuuliza zimetoka wapi, mtu anafungua kinywa, na unaelewa kila neno! Mwili unacheza na akili inafanya kazi, vyote vinakula sahani moja. Mwenyewe aliuita muziki wake ubongo, na baada ya usiku mmoja nao nimeacha kuuliza kwa nini.

Gitaa kwanza. Weka vipokea sauti masikioni, sikio la kushoto na la kulia, halafu usishughulike na sauti ya mwimbaji. Kuna gitaa linaloshika mwendo chini, halichoki, halijionyeshi. Juu yake kuna jingine linalojibu, lile ambalo wapigaji wa Kongo huliita mi-solo, linajaza nafasi iliyoachwa na mwenzake, halimkanyagi. Halafu solo inakuja juu kabisa, nyembamba, inang'aa, inarudia msemo uleule mpaka unadhani imekwama, kisha inageuza noti moja tu na sakafu nzima inainuka. Noti moja! Besi nayo haifuati, inatembea njia yake, inaruka pale usipoitegemea, na ngoma zinaiacha ifanye inavyotaka. Hamna kinanda kinachofunika makosa. Kila kidole kinasikika.

Na sauti yenyewe ina mikwaruzo, nzito, ya mtu aliyeamka na jambo moyoni. Remmy si mwimbaji wa kubembeleza kama Tabu Ley, na anayesubiri sauti ya asali atahangaika kidogo mwanzoni. Huyu anaongea na wewe. Anasimulia, anauliza, anangoja ujibu, kisha wenzake wanaitikia na unajikuta umo ndani ya baraza. Nasikitika ina jina la huzuni lakini jaribu kukaa kwenye kiti ikipigwa! Kipenda Roho imechukua jina kutoka kwenye ile methali ya nyama mbichi ambayo kila bibi wa hapa anaijua, na kwangu ndiyo kilele cha albamu: gitaa zinacheka muda wote, na mwanamume anayeimba anajua kabisa kwamba moyo haushauriki. Karola ni ya kucheza mkiwa mmeshikana. Muziki Asili Yake Wapi, ah, wapigaji wote wa Kindu wafungiwe chumbani na wimbo huu mpaka wautoe kidole kwa kidole.

Lakini kama una nafasi ya wimbo mmoja tu kwenye simu yako, iwe Sauti ya Mnyonge. Nisameheni, siwezi kuusikiliza huu kama mgeni. Mji wetu umejengwa juu ya bati. Kampuni ya uchimbaji ya Symétain ilikuja miaka ya 1930, ikaja Sominki mwaka 1976, baadaye Sakima, mabango yamebadilishwa, nyumba za wakubwa zimebadilisha wapangaji, na anayeinama na koleo mtoni bado anapewa bei iliyokwisha kupangwa na mwingine. Jioni niliuweka wimbo huu kwenye nganda, yaani baa, moja karibu na soko. Mchimbaji mmoja, buti bado zina udongo mwekundu, alikuwa ameshainuka kwenda kucheza. Mstari wa kwanza ukamsimamisha katikati ya sakafu, chupa mkononi, kichwa pembeni, anasikiliza kama mtu anayesomewa barua. Wenzake wakamcheka. Sebene, pale gitaa zinapoachiwa zicheze, ilipofunguka akaweka chupa chini taratibu, pembeni kabisa isije ikapigwa teke, akaanza kucheza, na akawa bado anatikisa kichwa kukubali lile aliloambiwa. Nionyesheni albamu nyingine inayomfanyia mtu mambo hayo mawili ndani ya wimbo mmoja!

Kasoro? Ipo. Sauti imesafishwa mno. Fundi wa studio amefuta jasho lote. Ungetamani kusikia ukumbi wa Dar usiku wa Jumamosi, glasi zikigongana, mtu akimtunza mwimbaji noti kwenye paji la uso. Na nyimbo nyingine zinafungwa pale ambapo bendi ya dansi ingekuwa ndiyo kwanza inapata moto. Jina la Kiingereza juu ya albamu ya Kiswahili nalo linaniwasha kidogo, ila biashara ni biashara, na maskini anayetajwa pale juu anajijua.

Mwanamume huyu hakuwa mwoga, hilo nalo linasikika. Ndiye aliyekuja kuimba Mambo kwa Soksi, akiwahimiza watu watumie kondomu wakati ukimwi ulikuwa bado unatajwa kwa kunong'ona. Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010, akiwa amegeukia nyimbo za injili. Wenyeji wa jiji lile walimpa heshima ambayo pesa hainunui: mtaa wake unaitwa Sinza kwa Remmy, kondakta wa daladala anaupigia kelele kila siku. Maniema tumempa nini sisi? Naacha swali hapo, wakubwa wa Kindu wanasoma.

Sasa maagizo kwa wenye nganda na wenye bafle za harusi, kuanzia Kalima mpaka Pangi. Msianze na Sauti ya Mnyonge, watu watakaa kimya na bia itabaki kwenye kreti. Fungueni na Nasikitika, wapeni Karola wale wa kushikana, kisha Kipenda Roho, na Mnyonge aje usiku ukiwa umekomaa, watu wakiwa wamechoka kujifanya. Wimbo wa Usingizi wekeni karibu na mwisho. Na wewe kijana mwenye kompyuta, mwenye tabia ya kukata wimbo dakika ya tatu ili uchomeke ndombolo yako: ukigusa kitufe kabla sebene haijaisha, tutakutana nje.